Kesi Nyingi za Vifo Hufia Msibani, Hazifiki Mahakamani

Mimi siyo wakili, tuanze na hilo. Nina steshenari hapa Dodoma mjini, siyo mbali na mahakama, kompyuta mbili, mashine ya foto kopi na printa moja inayotafuna karatasi ikichoka. Ila ukikaa sehemu kama hii miaka kadhaa unajua mambo ya watu kuliko mwenyekiti wa mtaa, maana kila kinachoenda mahakamani lazima kwanza kipite kwa mtu wa kuchapa, muhtasari wa kikao cha ukoo, viapo, barua za madai, yote elfu moja kwa ukurasa, na watu wakishaona unachapa wanasahau kwamba na wewe unasoma.

Kuna siku walikuja watatu, kijana wa kama miaka thelathini, baba yake mdogo, na mama mmoja mtu mzima amebeba mtoto mgongoni. Mbukwenyi, karibuni, wakakaa. Wamekuja kuchapa muhtasari wa kikao cha ukoo ili kijana akafungue mirathi ya mke wake mahakama ya mwanzo, maana hela kidogo ya marehemu iko benki na benki haitoi bila barua ya mahakama. Mke amefariki miezi kumi na moja nyuma, kwenye uzazi, mtoto mwenyewe ndo yule wa mgongoni. Tukaandika, nikawasomea, wakasema sawa. Alafu kijana akatoa kwenye bahasha ya kaki kadi ya kliniki na karatasi moja ya rufaa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, na barua ya kuidai hospitali mnachapa shilingi ngapi?"

Baba mdogo akamkata hapo hapo. "Mwanangu, tulishaongea hilo. Kazi ya Mungu haina makosa. Tumekuja ya mirathi, tumalize ya mirathi."

Ile karatasi ya rufaa niliitazama vizuri kwenye mwanga. Kwenye kisanduku cha muda mtu ameandika 02:40, alafu juu yake, kwa kalamu ileile, amekandamiza 04:10. Nne imekaa juu ya mbili vibaya mpaka karatasi imetoboka kidogo. Sijui maana yake, inawezekana kabisa nesi alikosea saa kwa usingizi akasahihisha, inawezekana ni dakika tisini za mtu kuvuja damu huku dereva wa ambulansi anatafutwa. Jina la kituo nalihifadhi, ni cha serikali, wilaya ya jirani. Ninachosema ni kwamba karatasi ile ilikaa kwenye bahasha miezi kumi na moja, na katika miezi yote hiyo hakuna mtu aliyeenda kuuliza kwa nini zile saa ni mbili.

Hapo ndipo ninapoona tatizo letu lilipo. Watu wanapenda kusema mahakama zetu hazitoi haki kwa wanyonge, kesi zinachukua muda, mawakili ghali, na mengi kati ya hayo ni kweli. Ila kesi nyingi za kifo kilichoweza kuzuilika hazijawahi kushindwa mahakamani, kwa sababu hazijawahi kufika huko. Zinafia msibani, ndani ya zile siku tatu nne za turubai na ubwabwa, wakati kila mtu anashughulika na jeneza na gari la kupeleka mwili kijijini.

Angalia yanayotokea wiki ile. Mwili unatoka mochwari asubuhi, mchana umeshazikwa, Waislamu ndo kabisa hawalazi, na sisi wengine tunalaza usiku mmoja tu. Posmotamu hakuna aliyeomba, na anayethubutu kutaja neno hilo anaonekana anataka kumkatakata marehemu. Baada ya hapo ukitaka kujua alikufa kwa nini itabidi kaburi lifukuliwe, na hilo linahitaji amri ya mahakama, sijui ni ukoo gani wa Kigogo utakaokubali kirahisi. Faili linabaki kituoni. Shemeji aliyekuwa amekaa nje ya wodi usiku kucha, shahidi pekee aliyesikia marehemu anaita, anarudi Mpwapwa kulima na akiulizwa mwaka mmoja baadaye hakumbuki tena ilikuwa saa ngapi. Simu ya marehemu inarithiwa na mdogo wake, anaiflashi anaweka nyimbo zake.

Wakati kwenye simu ndo kulikuwa na kila kitu. Ile meseji ya "wanasema damu hakuna njooni mchangie" iliyotumwa kwenye grupu la familia saa 9 usiku ina saa yake, ina namba yake, na tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayoruhusu ushahidi wa namna hiyo upokelewe mahakamani. Ukipiga 115 kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito kupitia mfumo wa m-mama, simu yako yenyewe inabaki na kumbukumbu kwamba ulipiga muda fulani. Hizo ni saa ambazo hakuna mtu anayeweza kuzikandamizia kalamu juu.

Sheria yenyewe ipo, na siyo ya jana. Kuna sheria inayohusu madai ya ajali zilizosababisha vifo, Sura ya 310 kwenye sheria zetu, ipo tangu 1955 enzi za mkoloni, na inasema kwa lugha rahisi kwamba kama mtu amekufa kwa kosa la mwingine, kosa ambalo angepona angeweza kumshtaki, basi waliokuwa wanamtegemea wanaweza kudai badala yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri bunge litunge kitu. Kinachosumbua ni saa. Madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3. Mtu anasikia miaka mitatu anaona ni mingi, kumbe arobaini, kumaliza mwaka, kugombana kuhusu nani awe msimamizi wa mirathi, kukaa vikao, vinameza mwaka wa kwanza wote bila hata barua moja kuandikwa.

Na kama kituo ni cha serikali kuna kigingi kingine ambacho wengi hawakijui mpaka waangukie. Huwezi kuamka tu ukaishtaki halmashauri. Lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 ukieleza unadai nini na kwa nini, upeleke kwa mhusika, na nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, alafu ndo ufungue kesi Mahakama Kuu ukiwa umemuunganisha Mwanasheria Mkuu. Zamani kwa halmashauri na taasisi mambo yalikuwa na njia zake tofauti kidogo, ila marekebisho ya 2020 yakaziweka zote kwenye kapu moja. Ukikosea notisi kesi inaondolewa bila hata jaji kusikia marehemu alikuwa nani. Kwa kituo cha binafsi hakuna hayo ya siku 90, unaandika barua ya madai na kwenda mahakama inayolingana na kiasi unachodai.

Sisi wa Dodoma kwa hili tuna bahati ambayo hatuitumii. Mtu wa Namtumbo akitaka kupeleka nakala zake kwa Mwanasheria Mkuu anafikiria posta na siku ngapi, sisi ni daladala ya Mtumba tu, kule mji wa serikali, unashuka, unagongewa muhuri wa "imepokelewa", unarudi mjini kabla chipsi hazijapoa.

Sasa nitubu kidogo. Katika karatasi nilizochapa kwa mikono hii kuna zile za "sisi familia ya marehemu tumepokea kiasi tajwa kama rambirambi na hatuna madai mengine yoyote." Nakumbuka moja ya ajali ya barabara ya Morogoro, upande wa Kibaigwa. Mtu wa tajiri wa gari alikuja na wazee wawili wa familia, siku ya tatu tu baada ya mazishi, wazee wamechoka, macho mekundu, yeye ndo anayenisomea maneno ya kuandika. Milioni moja na nusu, jeneza na usafiri vimeshalipwa na tajiri. Wakaweka dole gumba. Nikachukua elfu mbili yangu.

Hakuna aliyewaambia wale wazee, na mimi mwenyewe wakati ule sikujua, kwamba gari lile lazima lilikuwa na bima ya mtu wa tatu, maana bila hiyo haliruhusiwi barabarani, na kazi ya ile bima ni hiyohiyo, kulipa watu waliogongwa na kufiwa. Stika unaihakiki kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Unahitaji makaratasi ya polisi, zile fomu zenye namba kama PF 90 na PF 115, cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi, na uvumilivu. Dereva akikiri kosa mahakamani akalipa faini watu wanarudi nyumbani wanasema kesi imeisha, kumbe iliyoisha ni ya Jamhuri na dereva, ya kwenu haijaanza, tena ile hukumu ya kumtia hatiani ni silaha yenu kwenye madai. Ile karatasi ya dole gumba haifungi mlango moja kwa moja, wakili mzuri anaweza kuipigania akisema watu walisaini wakiwa kwenye majonzi bila kujua haki zao, ila unaanza safari tayari una mlima mbele. Tangu siku ile mtu akija na karatasi ya namna hiyo kabla ya arobaini namwambia mtandao hauko sawa rudi wiki ijayo. Ni uongo, najua, kuchapa wala hakuhitaji mtandao.

Turudi hospitali maana huko ndo kugumu zaidi. Ajali ya gari kila mtu anaiona, gari limepinduka pale. Igandu tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikaenda kugonga treni ya mizigo, wakafa watu 281, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kuna kitu kilishindikana. Hata MOI, ile taasisi ya mifupa pale Dar, mwaka 2007 kosa lilijulikana kwa sababu mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, hilo hata mtoto analielewa. Kosa la kawaida la wodini haliko hivyo. Linafanana kabisa na ugonjwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua atavuja damu akihudumiwa vizuri na atavuja akiachwa, tofauti iko kwenye dakika, nani alimwangalia, saa ngapi, alichomwa dawa gani, ile oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ilikuwa imehifadhiwa kwenye ubaridi au ilikaa dirishani na jua letu hili la Dodoma. Majibu ya maswali hayo yote yameandikwa na upande mmoja tu, na ndo upande unaodaiwa. Wewe unayedai ndiye unayetakiwa kuthibitisha, unahitaji daktari mwingine aje aseme mbele ya jaji kwamba mwenzake alizembea, na hawa watu walisoma wote Muhimbili au Bugando au hapo UDOM, wanajuana.

Kinachoniudhi ni kwamba serikali yenyewe huwa inajiuliza maswali hayohayo. Utaratibu wa afya unataka kila kifo cha mama kinachotokea kituoni kijadiliwe, wakae wataalamu, wapitie faili, waseme kipi kingeweza kuzuilika, kuchelewa nyumbani, kuchelewa njiani au kuchelewa kituoni. Ni kazi nzuri na inawezekana ina mchango wake kwenye takwimu, kwa sababu ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulitoa vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 na ule wa 2022 ukatoa 104, siyo kushuka kwa mchezo. Lakini vikao vile vina kanuni ya kutolaumu mtu, na yanayosemwa mle ni siri. Naelewa sababu, nesi akijua maneno yake yataishia mahakamani hatasema ukweli. Ila matokeo yake ni kwamba kuna karatasi mahali fulani inayosema mke wa yule kijana angeweza kupona au asingeweza, watu kadhaa wameisoma, na mwenye mke hayumo.

Najua atatokea mtu aniambie sasa unataka manesi washtakiwe waache kazi, nani atazalisha dada zetu huko Chemba? Swali la haki kabisa. Dada yangu mwenyewe ni nesi, nimemuona anarudi zamu ya usiku miguu imevimba, wodi nzima yuko na mhudumu mmoja wa afya ambaye hata sindano hachomi. Ndo maana nasema barua ya madai iende kwa mwajiri. Kisheria mwajiri anabeba uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini, na zaidi ya hapo kuna uzembe wa mwajiri mwenyewe, aliyepanga nesi mmoja usiku, aliyeacha ambulansi bila mafuta, aliyejua friji ya dawa imekufa tangu Januari. Ukitaka nesi aadhibiwe yako mabaraza ya kitaaluma, Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga, unapeleka malalamiko na wanaweza kumsimamisha au kumfutia leseni, ila senti tano hawakupi. Mimi naona familia nyingi zinakimbilia huko kwa hasira, wanataka mtu fulani aumie, na yule aliyepanga ratiba hata barua haimfikii.

Alafu kuna suala la bei. Mahakama itauliza, waliobaki wamepoteza kiasi gani? Mfanyakazi ana salary slip, hesabu inajiseti. Mke wa yule kijana alikuwa anauza vitumbua asubuhi, analima karanga na uwele, analea, anachota maji. Hasara mahususi unayodai lazima uitaje na uithibitishe kabisa, shilingi kwa shilingi, yaliyobaki ni busara ya jaji. Nilimuuliza kijana kama ana chochote chenye maandishi ya biashara ya mkewe, akasema hakuna. Yule mama aliyebeba mtoto, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema "lipo daftari la kikoba." Kumbe marehemu alikuwa anaweka hisa kila Ijumaa miaka minne, kila Ijumaa imeandikwa na saini ya mhazini. Watu wanadhani ushahidi ni kitu kinachotoka kwa wakili.

Na hapa nina wazo langu, mnisute mkitaka. Fundi akidondoka kwenye jengo hapo Mtumba akafa, familia yake inaenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, haiulizwi nani alizembea, inaulizwa tu alikuwa kazini au hakuwa, na wategemezi wanalipwa. Kwa nini kwa mama aliyekufa akizaa ndani ya kituo tunataka mjane wa kiume wa Bahi apambane na Mwanasheria Mkuu wa Serikali Mahakama Kuu? New Zealand wana mfuko wa namna hiyo tangu 1974, umekuja kubeba mpaka madhara ya matibabu, unalipwa bila kuthibitisha uzembe, na kwa kubadilishana unaachia haki ya kushtaki kudai fidia. Sisemi tuige kila kitu, hela zao siyo zetu. Nasema tayari tumekubali wazo hilo kwa mfanyakazi, sioni ugumu wa kulikubali kwa mzazi. Kwa sasa hata ukishinda dhidi ya serikali huwezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate gari la halmashauri, mali ya serikali haikamatwi, unakaa unasubiri kulipwa kwa utaratibu wao.

Kuhusu mawakili, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, wasaidizi wa kisheria wapo mpaka kwenye kata, hawaruhusiwi kusimama mahakamani ila kukuandikia na kukuelekeza wanaweza, na mashirika yanayowapa mawakili wasio na uwezo yapo hapahapa mjini. Kijana nilimpa maelekezo ya moja. Nikamwambia pia aandike barua kituoni kuomba nakala ya faili, sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kujibu, wanaweza kugoma kwa kusema ni siri ya mgonjwa ila hata kugoma kwao wagome kwa maandishi. Hiyo barua ya kwanza sikumtoza. Baba mdogo alikuwa ameshatoka nje anaongea na simu, au anajifanya anaongea.

Wiki kama sita baadaye nikamuona baba mdogo amerudi peke yake, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, alafu akatoa bahasha. Ndani kuna notisi kurasa nne, imeandikwa na mwanasheria, kwa Kiswahili, na juu ya kila nakala kuna muhuri wa mapokezi na tarehe. Alikuwa anataka foto kopi tano. "Mwenzio yuko shamba," akasema, "nimezipeleka mwenyewe." Sikumuuliza kilichombadilisha na yeye hakusema. Wakati mashine inazunguka alisogea kwenye kalenda yangu ya ukutani, akaanza kuhesabu kwa kidole kuanzia tarehe ya muhuri, anahesabu kwa Kigogo, akifika mwisho wa mwezi anafunua ukurasa taratibu asipotee. Siku ya tisini ikaangukia Jumapili. Akageuka akaniuliza kama serikali Jumapili inahesabu.

Nikamwambia hilo akamuulize mwanasheria, nikamwandikia namba ya simu yake nyuma ya risiti.